Kuta za wenzetu zimesimama, zetu ziko wapi?

Ndugu wasikilizaji, miaka kadhaa iliyopita nilipata bahati ya kwenda Ujerumani kwa mafunzo mafupi ya utangazaji. Siku ya mapumziko wenyeji wetu walitupeleka katika mji mdogo wa jimbo la Bavaria uitwao Rothenburg ob der Tauber. Tulipofika nilisimama kidogo nikashangaa. Nilikuwa sijapata kuona mji mzima unaoingiwa kwa mlango, kama nyumba ya mtu.

Mji huo umezungukwa na ukuta wa mawe wenye minara. Juu ya ukuta ipo njia ya walinzi wa zamani, imeezekwa paa, na mgeni anaruhusiwa kuipita bila kulipa hata senti. Rothenburg ulipata hadhi ya mji huru mwaka 1274, na hata leo watu wanaishi humo. Wanaoka mikate, wanaanika nguo, wanapeleka watoto shule.

Nikiwa juu ya ukuta niliona vibao vya mawe vimeandikwa majina ya watu, mengine ya Wajapani na Wamarekani. Nikamwuliza mwenyeji wetu kama hao ni mashujaa waliofia pale. Akacheka. Akasema, "Hapana. Hao ndio waliolipia ukuta."

Kumbe ukuta ule si wote wa kale. Tarehe 31 Machi 1945, vita kuu ya pili ikielekea ukingoni, ndege za Marekani ziliupiga mji huo mabomu. Nyumba zaidi ya 250 ziliteketea, na zaidi ya mita 600 za ukuta zikaanguka. Mji ungeweza kumalizwa kabisa kwa mizinga. Lakini katika Wizara ya Vita ya Marekani alikuwapo kiongozi mmoja, John McCloy, ambaye mama yake aliwahi kuutembelea Rothenburg na kuusifia nyumbani kwake. McCloy akaomba mizinga isitumike. Baada ya vita watu wa nchi mbalimbali walichangia ukuta ujengwe upya, na kila aliyechangia jina lake likaandikwa pale.

Yaani, ndugu msikilizaji, masimulizi ya mama kwa mwanawe yalisaidia kuokoa mji.

Tusidhani kwamba watu wa Rothenburg walikuwa na mapenzi ya kale tangu mwanzo. Mwaka 1631, katika vita vya miaka thelathini, mji ulitekwa na majeshi ya Jemadari Tilly, na baada ya hapo ukadidimia. Miji mingine iliyotajirika ilibomoa kuta zake ili ipanuke. Rothenburg haikuwa na fedha za kubomoa wala za kujenga. Umaskini ndio uliotunza ukuta, na baadaye watu wakazinduka. Mwaka 1898 wakaanzisha chama cha kuutunza mji wao wa kale.

Mwaka huo wa 1898 ulinikaa kichwani. Nao ndio mwaka ambao Mtwa Mkwawa wa Wahehe, akiwindwa na majeshi ya Wajerumani, alijiua ili asikamatwe. Ngome yake ya Kalenga, iliyokuwa na ukuta wa mawe, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuivunja Oktoba 1894. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Basi katika mwaka mmoja, raia wa taifa lile walikuwa wakiunda chama cha kulinda ukuta wa kwao, na askari wa taifa lile lile walikuwa wakimsaka mtu ambaye ukuta wake walikwisha kuubomoa.

Nasi wa kanda hii tunayo yetu, tena hapa jirani. Karibu na Tabora ilikuwapo Kwikuru ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, ngome yenye kuta nene. Mwaka 1892 Wajerumani waliishambulia wakashindwa. Januari 1893 wakarudi chini ya Luteni Tom von Prince, ambaye mwaka uliofuata alikuwamo pia katika vita vya Kalenga. Kuta zilipovunjwa, Isike aliingia katika ghala la baruti akalilipua, akiona heri afe kuliko kushikwa. Leo ukifika Tabora utaonyeshwa boma la Wajerumani, nalo limesimama imara. Kuta za Isike huzioni.

Wapo watakaosema kuwa Wasukuma na Wanyamwezi hawakuwa na miji ya ukuta. Si kweli. Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu na watumwa ilipopamba moto, na Watuta, jamaa ya Wangoni waliotoka kusini, walipopiga kambi Runzewe, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Geita, vijiji vingi vilijizungushia ngome. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga makao yake Iselamagazi kwa namna hiyo hiyo ya kujilinda. Tofauti ni vifaa tu. Wenzetu walikuwa na mawe, sisi tulitumia udongo, magogo na minyaa. Neno Ikulu tunalolitumia kwa makao ya Rais asili yake ni huku kwetu, maana yake makao ya mtemi. Neno limehifadhiwa, mahali penyewe pamesahaulika.

Minyaa naijua vizuri. Kijijini kwetu, njia ya kutoka Shinyanga kwenda Kahama, palikuwa na mduara mkubwa wa minyaa mizee, minene kama nguzo. Babu alituambia ilipandwa na babu yake wakati wa vita. Ukiukata mnyaa, utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, na adui aliyekuja usiku alilijua hilo. Ulikuwa ukuta ulio hai. Mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, familia zilihamishwa zikaenda kupangwa barabarani, na mduara ule ukabaki peke yake shambani.

Mwaka juzi nilikwenda msibani nikakuta nusu ya mduara imekatwa. Aliyekata ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Alisikia kuwa eneo lile lina dhahabu, akataka kufungua duara. Nilimgombeza. Akanijibu kwa upole, "Kaka, mimi nilidhani ni uzio wa ng'ombe tu. Hakuna aliyeniambia."

Nikanyamaza. Babu alifariki mwaka 2009. Mimi ambaye kazi yangu ni kutembea na kinasa sauti, nikirekodi mawaziri na wakuu wa mikoa, sikuwahi hata siku moja kukiweka mbele ya babu yangu.

Ndugu wasikilizaji, sisi watu wa kanda hii kuzungushia uzio tunajua sana. Tangu Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, tumezoea kuona uzio na mlinzi getini. Migodi ya Geita na Bulyanhulu nayo ina uzio. Tunalinda kilichomo ardhini, na ni haki kukilinda. Lakini kilichofanyika juu ya ardhi hiyo nani anakilinda?

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na ngome zilizojengwa kabla ya mwaka 1863. Tazameni hesabu hiyo. Ngome nyingi za zama za Mirambo na Isike ni za baada ya mwaka huo, kwa hiyo hazilindwi mpaka Waziri atangaze. Na Waziri hawezi kutangaza mahali ambapo hata mwenyekiti wa kijiji hapajui.

Wala hatuhitaji mabilioni. Mwaka 1986 ulipoanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, mkoa huu ulikuwa unaelekea kuwa jangwa. Watu walirudia desturi yao ya ngitili, wakatenga sehemu za malisho kwa makubaliano tu, na miti ikarudi. Kama tuliweza kutenga ngitili kwa ajili ya ng'ombe, hatushindwi kutenga robo eka kwa ajili ya wazee wetu. Kila kijiji kiulize wazee ngome ilikuwa wapi, kiweke jiwe pale, na mwalimu awapeleke wanafunzi. Na wewe msikilizaji mwenye simu inayorekodi sauti, mkalishe bibi yako jioni umsikilize.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta wenyewe tumekwisha kuupoteza, ila ufa bado unaongezeka kila mzee mmoja anapozikwa. Nusu ya minyaa ya babu ingali imesimama. Mdogo wangu ameahidi kutoikata, na duara analichimba upande wa pili.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, wakati kama huu.