Kipya Kinyemi

Wahenga walisema: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hiyo hunijia ninapokumbuka kisa cha bustani mbili za michezo ya maji katika mji wa Orlando, jimbo la Florida, Marekani.

Ya kwanza iliitwa Wet 'n Wild. Ilifunguliwa mwaka 1977 na George Millay, mmoja wa waanzilishi wa SeaWorld ya mwaka 1964. Mitelezo ya maji na mabwawa ya kuogelea yalikuwapo tangu zamani. Millay aliviweka pamoja ndani ya ua mmoja: mitelezo mirefu, bwawa lenye mawimbi ya mashine, na mahali pa watoto, vyote kwa kiingilio kimoja. Mtindo huo ulienea duniani, na jina lenyewe likasafiri. Hata Kunduchi, Dar es Salaam, ilijengwa bustani ya maji iliyoitwa vivyo hivyo.

Mwaka 1998 kampuni ya Universal iliinunua bustani ya Orlando. Miaka ikapita, mitambo ikachakaa, na washindani wakajenga vilivyo vikubwa zaidi. Tarehe 31 Desemba 2016 milango ilifungwa moja kwa moja. Miezi mitano baadaye, tarehe 25 Mei 2017, Universal ilifungua Volcano Bay, ng'ambo ya pili ya barabara kuu. Katikati yake umesimama mlima wa volkano wa kutengenezwa, wenye kimo cha mita 60 hivi, ambao usiku huwaka taa mfano wa moto. Ilipofunguliwa, mgeni alivaa bangili iliyomwarifu zamu yake ya kuteleza ilipofika, asisimame juani kwenye foleni.

Sina ugomvi na hayo. Mtambo uliozeeka ni hatari kwa watoto, na mwenye mali ana haki ya kuuondoa. Kinachonifikirisha mimi, mwalimu wa zamani, ni hadithi iliyobuniwa ili kuipamba bustani mpya. Wageni husimuliwa habari za Wawaturi, watu wa visiwani waliozunguka baharini wakitafuta makao, wakiongozwa na samaki. Watu hao hawakuwahi kuwapo. Na mlima ule ukapewa jina la Krakatau.

Sasa, Krakatau ni mahali pa kweli. Ni kisiwa kati ya Java na Sumatra, nchini Indonesia. Mwezi Agosti 1883 kililipuka, na mshindo wake ukasikika hadi kisiwa cha Rodrigues, umbali wa kilometa 4,800 hivi. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi ya bahari yaliyofuata. Mawe yake mepesi, yale yenye matundu yanayoelea majini, yalivuka Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo msiba ule ulibisha hodi hata kwetu. Huko Orlando jina lake limekuwa pambo la mahali watu wanapolipa ili wachezee mawimbi.

Hapa ndipo penye kidonda. Historia ya kubuni ina faida moja kubwa kwa mfanyabiashara: haina wafu, haina wenyewe, wala haina mtu wa kuisahihisha. Historia ya kweli ina wote hao. Bustani ya Millay ilidumu miaka 39, ikawa na wafanyakazi na familia zilizokwenda kizazi baada ya kizazi. Kiwanja chake kilijengwa hoteli, zilizofunguliwa kuanzia mwaka 2019 kwa jina la Endless Summer, yaani kiangazi kisichokwisha. Pale pale ambapo kiangazi cha watu wengi kilikwisha!

Walimu na wazazi, tusiwakataze vijana kufurahia vipya. Waache wateleze. Lakini wakitoka majini, wakiwa bado wanajifuta, tuwaulize maswali mawili: Hapa palikuwa na nini zamani? Na jina hili ni la nani?