Kivuli cha Uhuru Park

Nilipokuwa karani jijini Nairobi, chakula changu cha mchana nilikilia kwenye nyasi za Uhuru Park. Mshahara wangu haukuwa wa kuingia hotelini. Nilinunua mahindi ya kuchoma, nikavua viatu, nikajilaza chini ya mti hadi karibu saa nane. Walikuwapo wahubiri, wapiga picha, watoto kwenye mashua za lile ziwa dogo, na wasio na kazi ambao nao walivua viatu kama mimi. Hapakuwa na kiingilio. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua bustani ile Mei 1969, nasi tukaihesabu kuwa yetu bila kulipima sana neno hilo.

Mwaka 1989 zikaja habari kwamba litajengwa pale jumba la ghorofa 60. Lingekuwa makao makuu ya KANU, chama pekee cha siku zile, na ya gazeti lake, Kenya Times, pamoja na maduka, maegesho ya magari na sanamu ya Rais Moi. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 200, nyingi zikiwa za kukopa. Ramani ilikuwa tayari. Hakuna aliyekuja kwenye nyasi kutuuliza lolote.

Aliyeuliza ni Profesa Wangari Maathai. Oktoba mwaka ule aliwaandikia barua wenye mradi na wakubwa wa serikali. Jibu lilitoka Bungeni mwezi uliofuata: wabunge walimkejeli, na wanawake wa Green Belt Movement wakaitwa kundi la walioachika. Nakiri kwamba ofisini kwetu maneno hayo yalirudiwa wakati wa chai, nami nikacheka pamoja na wenzangu. Mchana nikaenda kujilaza chini ya miti ileile aliyokuwa akiitetea.

Bunge lilinipita, lakini mahakama hainitoki akilini. Mama yule alishtaki, na mwezi Desemba Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake, ikisema hakuwa na haki ya kuileta. Wa kusema kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu peke yake. Fikiria, msomaji. Mwenye kiwanja chake angesikilizwa. Lakini bustani ya wote, kwa kuwa ni ya wote, ilikosa mtu hata mmoja wa kuisemea! Siku hizi kila mkutano una "wadau". Zamani zile hata neno lenyewe sikulisikia likitumika hivyo, na kumbe mdau wa bustani alikuwa mimi na mahindi yangu.

Kelele zikavuka mipaka, na mwanzoni mwa 1990 serikali ikatangaza kuupunguza mradi. Baadaye ukafa kabisa, na mwaka 1992 uzio ukang'olewa. Mwaka huohuo akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika kona moja ya bustani, wakagoma kula wakidai wana wao. Kona hiyo ikaja kuitwa Freedom Corner. Hakuna mchoraji aliyeipanga kwa kazi hiyo.

Sheria nayo ikabadilika. Ile ya mazingira ya 1999 ilimfungulia mtu yeyote mlango wa mahakama, na Katiba ya 2010 ikaandika kwamba mlalamikaji wa mazingira halazimiki kuonyesha hasara yake, tena ushiriki wa wananchi ni msingi wa utawala.

Hata hivyo, mwaka 2021 bustani ilipofungwa ili ikarabatiwe, watu walikuwa bado wanauliza michoro iko wapi na nani aliulizwa. Nilipita huko siku moja nikamkuta nje mpiga picha mmoja mzee, kamera shingoni, hana mteja. Nikamwuliza kama waliwahi kumwita kwenye mkutano wowote.

"Waniite mimi nikawaambie nini?" akacheka.

Kisha, bila kuombwa, akaanza kunieleza: mti gani unatoa kivuli saa kumi jioni, maharusi hupenda kusimama upande gani wa ziwa, mvua ikinyesha maji hutuama wapi, na akina mama wenye watoto hukwepa njia ipi giza likiingia. Alizungumza karibu nusu saa. Nilijipapasa mifukoni nikitafuta kalamu, sikuwa nayo.