Kutoka stensili mpaka kitufe

Leo naomba tuzungumze historia kidogo. Kila ikitajwa mitandao na siasa, tunaongea kama vile mambo yameanza juzi. Hayajaanza juzi! Na mengi yameanzia hapa hapa kwetu, Mchafukoge na Kariakoo, pande mbili za viwanja vya Mnazi Mmoja.

Turudi 1937. Magazeti ya Kiswahili yaliyokuwa yakivuma wakati ule ni ya serikali, kama Mambo Leo, au ya misheni. Akatokea Erica Fiah, Mganda mwenye duka hapa Dar, akaanzisha gazeti lake, Kwetu. Hebu liangalie hilo jina. Mtu mweusi anasema: hapa ni kwetu, na sisi tuna la kusema.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, mtaa wa New Street (leo Lumumba), haikuwa na mtambo wa maana wa kuchapa. Baadaye ikawa na Sauti ya TANU, karatasi za stensili tu. Lakini mkoloni hakuzidharau karatasi zile. Mwaka 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali humo, akapigwa faini ya shilingi 3,000. Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Bagdelleh, walifungwa jela.

Sasa jiulize, karatasi zile zilikuwa na nguvu gani katika mji ambao wengi hawakujua kusoma? Jibu liko barazani. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza na kahawa yao, kisha kila mmoja anakwenda kusimulia kwao. Siku ya mkutano Mnazi Mmoja, watu wanajua tayari kinachozungumzwa. Gazeti lilikuwa mwanzo tu. Kazi kubwa ilifanywa na midomo.

Baada ya uhuru zamu ikawa ya redio, na serikali yetu wenyewe ikaishika kwa mikono miwili. Kwa Bara, hali ile ilibadilika mwaka 1994 tu, zilipoanza Radio One na ITV, miaka miwili baada ya vyama vingi kurudi. Ukiikamata redio, umekamata sikio la nchi nzima.

Halafu ukaja mtandao. Jambo Forums ilianzishwa 2006, mwaka ule ule wa mkataba wa umeme wa Richmond. Watu wakaandika kwa majina ya bandia mambo ambayo mhariri wa gazeti angeyafikiria mara mbili. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na mwezi huo huo polisi wakawakamata waanzilishi, Maxence Melo na Mike Mushi.

Wapo wanaosema mtandao ndio uliomng'oa Lowassa. Mimi nasema hapana, si peke yake. Kulikuwa na kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Kulikuwa na magazeti, na watu wa kusimama mbele ya meza ya muuza magazeti wakasoma vichwa vya habari bila kununua. Kulikuwa na vijiwe. Mtandao ulipata nguvu kwa sababu maneno yake yalitoka nje ya kompyuta, kama ya Sauti ya TANU yalivyotoka nje ya karatasi.

Wenye madaraka nao walikuwa wanajifunza. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2016 Melo akafikishwa mahakamani, akidaiwa majina ya waliokuwa wakiandika kwa kujificha. Mwaka 2018 kanuni zikamtaka hata mwenye blogu alipie leseni, shilingi 1,000,000. Kwenye uchaguzi wa 2020 mitandao ya kijamii ikabanwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima, na ikarudi tarehe 3 Novemba.

Unaiona safari yenyewe? Kwanza walimfuata mwandishi. Kisha wakamtafuta asiye na jina. Kisha wakaweka bei ya kuongea. Mwisho wakafika kwenye kitufe.

Siku zile Dar ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje. Watu walikufa, na idadi yao imebaki ya mabishano. Wapo waliokuwa wanatafuta ndugu zao bila njia ya kuuliza. Hapo ndipo tulipoona gharama ya kuweka habari zote, vikao vyote na urafiki wote ndani ya bomba moja ambalo koki yake ameshika mtu mwingine.

Sisemi tutupe simu. Mtandao umetupa sauti ambayo Fiah hakuiota. Ila Fiah na wenzake walikuwa na kitu ambacho sisi tumekiacha kife: baraza. Watu wanaojuana kwa sura, wanaosoma pamoja, wanaobishana na kesho wanakutana tena. Mkoloni aliwafunga wahariri, baraza likaendelea. Ule mtandao wa watu hauna kitufe.

Kwa hiyo ukishamaliza kusoma haya, usibonyeze tu na kusambaza. Mtafute jirani, kaeni chini, muyazungumze.

Nawasilisha.