Damu ya Uwanja wa Mpira: Mgomo wa Desemba 1941 na Sisi Watumishi wa Eklezya

Tangu utoto tulifundishwa katika katekisimu kwamba amri ya nne inatudai kuwatii wakubwa wetu. Hilo ni kweli. Lakini Mungu aliyeamuru tuwatii wakubwa amewaweka wakubwa wenyewe chini ya amri yake. Shifra na Pua, wazalishaji wa Misri, waliagizwa na Farao kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania. Walikataa, na Mungu akawatendea mema. Mtume Petro aliwaambia wazi wazee wa baraza la Yerusalemu kwamba Mungu hutiiwa mbele ya watu. Basi, kukataa jambo baya bila kumpiga mtu, na kuyapokea mateso yanayofuata, si desturi iliyoletwa jana na watu wa siasa. Tunataka kuiangalia desturi hiyo hapa hapa Lubumbashi, kwa sababu katika mji huu ilimwaga damu, na kwa sababu siku ile Eklezya yetu haikusimama pahali pake.

Mwaka 1941 mji wetu uliitwa bado Élisabethville. Ubelgiji ulikuwa umeshikwa na Wajerumani tangu Mei 1940, na Kongo ilikuwa upande wa Waingereza katika vita. Shaba ya Katanga ilitakiwa sana, na Union Minière, kampani iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihimiza kazi kwa nguvu. Lakini vita ilipandisha bei ya vitu madukani, na mshahara wa mfanyakazi mweusi haukuzifuata bei hizo. Alikaa katika nyumba ya kampani, alikula posho ya kampani, na mtoto wake alisoma shule ya kambi chini ya wamisionari. Akiacha kazi kabla ya mkataba kwisha, sheria ya mwaka 1922 ilimhesabu kuwa mkosaji, naye aliweza kutiwa gerezani. Chama cha wafanyakazi weusi hakikuruhusiwa. Ruhusa ilitoka mwaka 1946 tu. Na mwaka ule ule wa 1941 wazungu wa kampani ile ile walikuwa wamekwisha kugoma, wala hawakupigwa risasi.

Mgomo wa weusi ulianza tarehe 3 Desemba. Ulifika mji wa Jadotville, ndio Likasi ya leo, na huko askari wakapiga risasi, watu wakafa. Tarehe 9 Desemba wagomaji wa Élisabethville walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira. Gavana wa mkoa, Amour Maron, alifika pamoja na askari. Aliyesema kwa jina la wafanyakazi alikuwa Léonard Mpoyi. Aliambiwa kwamba mshahara utaongezwa, basi warudi kazini. Waliosimulia habari hii wanasema Mpoyi aliomba kitu kimoja tu: waonyeshwe alama ya kuhakikisha ahadi ile. Hakuonyeshwa. Alipigwa risasi akafa, na masimulizi mengi yanasema mkono uliompiga ulikuwa wa gavana mwenyewe. Kisha askari wakaupiga umati. Serikali ilitoa hesabu yake ya wafu, nao wazee wa mji waliwahesabu wengi kuipita ile. Kesho yake watu walirudi kazini.

Tuangalie vizuri walichofanya watu wale. Walijua namna ya kuzima tanuru na kuharibu mashine, maana wao ndio walioziendesha kila siku. Hawakuchagua njia hiyo. Waliacha kazi, wakakaa pamoja mchana mbele ya macho ya wote, wakamtuma mmoja wao kusema. Kwa sheria ya wakati ule walikuwa wakosaji. Je, mbele ya Mungu walikuwa wakosaji?

Jibu lilikuwa limeandikwa tayari. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mshahara lazima umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi, hata kama kwa shida yake amekubali kupokea kidogo. Papa huyo hakuipenda migomo. Lakini aliwaambia watawala waiondoe mapema mizizi yake, maana yake udhalimu. Na tarehe 1 Juni 1941, siku ya Pentekoste, Papa Pio XII alisema katika radio kwa kuadhimisha miaka 50 ya barua ile. Miezi sita ikapita, na watu wakauawa hapa kwetu.

Aliyeongoza Eklezya ya Katanga wakati huo alikuwa Monseigneur Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliyefika mwaka 1910 na kufa mwaka 1958. Hatusahau jasho lake: misioni na mashule mengi ni matunda ya kazi yake. Lakini kwake serikali, kampani na misioni vilikuwa kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Masimulizi ya mjini yanamweka upande wa wakubwa katika habari za siku ile. Hilo peke yake litufikirishe: watu walikuwa wamezoea kumwona pale.

Tusidhani aibu hiyo ni yetu peke yetu. Mwaka 1963, huko Birmingham katika Marekani, mchungaji Martin Luther King alifungwa kwa sababu ya kuandamana kwa amani kudai haki za watu weusi. Viongozi wanane wa dini waliandika kuwashauri watu wangoje. King aliwajibu kutoka gerezani, akiwakumbusha Mtakatifu Agustino na Mtakatifu Thomas wa Akwino juu ya sheria isiyo ya haki. Yeye Mbaptisti ndiye aliyewataja walimu wetu! Mmoja wa wale wanane alikuwa askofu Mkatoliki, Joseph Durick. Baadaye askofu huyo aligeuka, akawa mtetezi wa haki zile zile.

Huku kwetu pia Eklezya iligeuka. Mtaguso wa Vatikano wa pili, mwaka 1965, ulikubali kwamba mgomo unaweza kuwa njia ya lazima mazungumzo yakishindikana. Tarehe 16 Februari 1992, siku ya Dominika, wakristu wa Kinshasa walitoka makanisani wakiwa na rozari na misalaba kudai Konferensi ya Taifa ifunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Mwezi wa Aprili Konferensi ilifunguliwa. Tena tarehe 31 Desemba 2017, na Januari na Februari 2018, walei waliandamana kudai uchaguzi. Tarehe 21 Januari 2018, huko Kintambo, msichana aliyejiandaa kuingia utawa aliuawa kwa risasi penye kanisa lake. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba mwaka ule. Safari hizo watu walipotazama nyuma, waliwaona mapadri wao.

Wandugu, ninyi mtakaopewa parokia, na ninyi wakatekista mnaokaa karibu na watu kupita sisi, siku itafika ambapo wafanyakazi wa mgodi au wachuuzi wa soko watakuja kuuliza kama ni zambi kukataa. Tusiwajibu haraka kwa amri ya nne. Tuulize kwanza kama neno wanalodai ni la haki, kama wamekwisha kuomba na kuongea, kama mioyo yao imeachana na kisasi, na kama wako tayari kuteswa bila kumtesa mwingine. Wakiwa hivyo, tusiwaache waende uwanjani peke yao.

Na kila tarehe 9 Desemba, kesho yake ya sikukuu ya Maria Mkingiwa wa zambi ya asili, tumtaje altareni Léonard Mpoyi pamoja na wenzake ambao majina yao hayakuandikwa. Ni wafu wa mji wetu, na deni la kuwaombea ni letu.