Ambwene: nani kaniona?

Ndugu zangu, wengi wenu mnamfahamu AY, yule mkongwe wa Bongo Fleva. Jina lake ni Ambwene Yessayah. Alizaliwa Mtwara mwaka 1981, ila jina lenyewe si la Mtwara. Ni la kwetu Wanyakyusa, wa Rungwe na Kyela, na maana yake ni "ameniona".

Kwa Kinyakyusa kuona ni ukubona, na jambo likishatendeka inakuwa -bwene. Kwa hiyo hilo si jina tu, ni sentensi nzima. Tunayo mengi ya aina hiyo: Angetile (amenitazama), Asajile (amebariki), Ambilikile (ameniita). Mnamkumbuka Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu aliyejaza magari Samunge mwaka 2011 kwa kikombe chake cha dawa? Huyo alikuwa Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Aliposema Mungu ndiye aliyemtuma, Mnyakyusa alisikia kama mzee anatafsiri jina lake.

Sasa, katika sentensi zote hizo mtendaji hatajwi. Nani kaona? Ukiuliza Kyela utajibiwa haraka: Kyala, yaani Mungu. Hapo ndipo historia inapokuwa tamu. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na miaka michache baadaye wakashuka tambarare wakaanzisha kituo cha Ipyana, maana yake neema. Kumwita Mungu wao, wakristo wakatumia Kyala. Lakini Kyala alikuwa na wenyewe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kwamba wazee walimjua kama shujaa wa kale mwenye pango la matambiko kando ya Ziwa Nyasa, kama Lwembe alivyokuwa na msitu wake kule Lubaga.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema majina haya ni ya kizungu yaliyovishwa Kinyakyusa. Lwitiko (imani) na Lusubilo (tumaini), sawa, hayo yananukia ubatizo. Ambwene ni habari nyingine. Linasema mtu alikuwa kwenye shida, akaonwa. Mama yangu mdogo alizika watoto wawili kabla ya kumpata binamu yangu Ambwene, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini kaitwa hivyo. Hata ukivuka Songwe ukaingia Karonga, Malawi, Wangonde watakuelewa, maana lugha ni karibu ileile.

Nayasema haya kwa sababu dada yangu kajifungua mtoto wa kiume huko Dar. Bibi katuma salamu: aitwe Ambwene. Shemeji anataka Jayden, eti hilo la bibi litamletea mtoto utani shuleni. Nimempigia simu, nimemweleza yote haya, mpaka pango la Kyala. Kanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama kuna namna ya kulifupisha. Nikamwambia AY kalifupisha na hajafa njaa. Dada naye kanyamaza tu, na fomu ya cheti cha kuzaliwa bado iko mezani, sehemu ya jina haijaandikwa kitu.