Jembe la Hiari Katika Nchi ya Wanyamwezi

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kila pembe ya nchi yetu, lakini ipo sehemu moja ambayo yaifaa zaidi, nayo ni Unyamwezi. Katika karne ya 19 nchi hiyo iliwapokea wageni wa kila asili waliopanda kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wakati huo huo ikasifika kwa majembe yake. Habari za meno ya tembo, za watumwa na za wasafiri wa Ulaya zimeandikwa sana. Habari za mashamba yaliyowalisha watu wote hao zimeandikwa kwa uchache. Makala hii yakusudia kueleza jinsi Wanyamwezi walivyolima pamoja, na kuuliza swali moja: ni kitu gani kilichomfanya mtu ashike jembe katika shamba la mwenziwe bila kusukumwa?

Nchi ya Tabora ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba na kwisha Aprili au Mei. Ardhi ya kiangazi ni ngumu. Mvua za kwanza zikiilainisha, mkulima ana majuma machache ya kupanda mtama, mahindi, karanga na kunde. Tena Wanyamwezi hulima kwa matuta makubwa, wakifukia majani ili yaoze na kuurutubisha udongo. Kazi hiyo ni nzito kwa mtu na mkewe, na mvua haimngojei mtu. Ndiyo sababu ya ujima. Mwenye shamba alitengeneza pombe ya mtama, akawaarifu majirani. Nao wakaja alfajiri, kila mmoja na jembe lake, wakajipanga mstari mmoja na kulima kwa nyimbo. Kazi ilipokwisha walikula na kunywa pamoja, na siku nyingine ikawa zamu ya jirani mwingine.

Yafaa tuelewe kwamba pombe ile haikuwa mshahara. Ilikuwa ni shukrani na heshima. Malipo yenyewe yalikuwa jembe kwa jembe: aliyekwenda kwa wenziwe naye alijiwa, na aliyejitenga na watu alilima peke yake. Vijana nao walikuwa na vyama vyao vya kulima, vyenye viongozi na nyimbo zao. Upande wa kaskazini, kwa ndugu zao Wasukuma, vyama vya Wagika na Wagalu vilivyozaliwa katika karne hiyo ya 19 vimejulikana hadi zama zetu kwa mashindano ya ngoma baada ya mavuno.

Utaratibu huo wa shamba ndio ulioipa njia ya misafara kalenda yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walipenda kuondoka baada ya kuvuna, na kurejea kabla ya mvua. Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, mwezi wa Novemba 1857, wapagazi wao walitawanyika kwenda makwao, na wageni wale wakakaa zaidi ya mwezi mmoja. Ulikuwa mwezi wa jembe. Hata safarini mambo mengi yalifanana na ya shambani: wimbo uliogawanya mwendo, kambi ndogo ndogo za watu waliopika na kula pamoja, na wazee walioaminiwa kusema kwa niaba ya wenzao.

Lakini haifai tuyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Utajiri wa njia hiyo uliingiza pia jembe la shuruti. Waarabu wa Tabora na Kwihara, ambao pamoja na watu wa pwani walieneza mpunga na miembe katika nchi hiyo, walilimiwa na watumwa. Wanyamwezi wenye uwezo nao walinunua mateka ili walime wakati wenyewe wako safarini. Watu walilima pia shamba la mtemi. Hilo lilikuwa la lazima, ila nafaka yake ilitazamiwa kuwakirimu wageni na kuwaokoa wenye njaa. Mtemi aliyesahau wajibu huo alihesabiwa kuwa mbaya.

Neno moja latosha kuonyesha mabadiliko yaliyofuata. Katika Kinyamwezi, mnyampala ni mzee wa baraza, mshauri wa mtawala. Katika misafara neno hilo likawa jina la kiongozi wa wapagazi. Kisha Wajerumani wakaja. Mtemi Isike wa Unyanyembe alishindwa na kufa Januari 1893. Kodi ya nyumba ikaanza 1898. Reli ikafika Tabora 1912, na kazi ya upagazi ikapoteza thamani yake. Katika vita vya 1914 hadi 1918 watu walikamatwa kwa nguvu wabebe mizigo ya majeshi. Mnyampala akawa mnyapara: msimamizi wa kazi za shuruti. Mzee aliyekuwa akisikilizwa akageuka mtu wa kuogopwa. Baadaye serikali ya Waingereza iliwaamuru watu walime mihogo kwa kuzuia njaa. Mihogo ilisaidia, lakini amri ni amri.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora kuanzia 1937, alijaribu kuirudisha heshima ya kazi ya pamoja. Katika maandishi yake ya Septemba 1967 juu ya ujamaa vijijini alisisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika ujamaa. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba watu wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976, na mkoa wa Tabora haukusalia nyuma. Vijiji vilileta shule, visima na zahanati, na hilo ni jema. Lakini shamba la kijiji, katika sehemu nyingi, lilipata jasho la mwisho la siku, na katika miaka ya 1980 mengi yalikufa. Jembe la pamoja lenyewe halikuwa na ila. Kilichokosekana ni zamu: mkulima hakuona ni siku gani jasho lake lingemrudia, wala hakumchagua aliyemsimamia.

Hapa pana funzo kwa vikundi vya leo vya akina mama, vya vijana na vya shule, ambavyo mvua zikianza hujitolea kulima bustani za chakula cha wote. Ujima wa Wanyamwezi ulisimama juu ya mambo matatu: kila mtu aliijua zamu yake, msimamizi alikuwa mtu wa kuaminiwa, na kazi ilikwisha kwa kula pamoja. Kikundi kikiyashika hayo, watu watakuja wenyewe na majembe yao. Kikiyaacha, kitalazimika kumtafuta mnyapara, na mavuno ya mnyapara babu zetu waliyajua.