Fotogravu: nakshi ya mwanga kwenye shaba

Mwonyeshe mtu wa Kasense, pale Sumbawanga, karatasi kuukuu yenye sura ya mlima, naye atakuambia ni picha ya zamani. Hajakosea. Lakini kwa mkusanyaji wa mandhari za kale jibu hilo halitoshi. Karatasi hiyo yaweza kuwa fotografia iliyosafishwa kwenye chumba cha giza, ukurasa uliokatwa kitabuni, au fotogravu, na thamani yake inategemea ni ipi kati ya hizo.

Fotogravu ni chapa ya wino iliyozaliwa na fotografia. Kazi huanza na bamba la shaba nyekundu lililosuguliwa mpaka likang'aa. Hunyunyiziwa unga laini wa lami au wa utomvu mkavu, kisha hupashwa moto ili chembe zishike. Kando yake huandaliwa karatasi iliyopakwa jelatini na kutiwa daikromati ya potasiamu, ikaanikwa kwenye mwanga chini ya picha chanya ya kioo. Mwanga ulipopenya, jelatini huganda. Ulipozuiwa, hubaki laini. Karatasi hiyo hubandikwa juu ya bamba na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Jelatini isiyoganda huondoka na maji, na inayosalia huwa nene hapa, nyembamba pale. Ndipo bamba huzamishwa katika kloridi ya feri. Dawa hiyo hupenya mapema penye jelatini nyembamba na kuila shaba kwa kina. Penye jelatini nene huchelewa, ikala kidogo tu. Hivyo kivuli cha genge hugeuka vishimo vyenye kina vya kubeba wino, na theluji hubaki karibu tambarare.

Kazi ya mkono haijaisha hapo. Mchapaji hupaka wino bamba zima, hulifuta kwa melimeli iliyotiwa wanga, pengine akamalizia kwa kiganja, halafu hulaza juu yake karatasi yenye unyevu na kuvipitisha kati ya rola za chuma chini ya blanketi nzito. Akitaka chapa ya pili, anaanza tena kupaka na kufuta. Ndiyo maana chapa mbili za bamba moja hazilingani kabisa: mkono ukifuta zaidi kidogo, ukungu wa bondeni huwa mwepesi. Kwangu mimi huo ndio utamu wa fotogravu. Mashine ya silinda iliyokuja baadaye, ikamwaga maelfu ya kurasa za magazeti kwa siku, haina nafasi ya uamuzi huo.

Mwingereza William Henry Fox Talbot alichukua hataza za mbinu ya awali mwaka 1852 na 1858. Karel Klíč, kutoka Bohemia, aliikamilisha mjini Vienna mwaka 1879. Mwaka uliofuata mpelelezi Joseph Thomson alipita Ufipa, nyanda za Sumbawanga, akaliona Ziwa Rukwa na kuliita Leopold, jina ambalo halikudumu. Lakini si ziwa hilo, bali mlima wa barafu, Kilimanjaro, ndio uliopata bahati ya shaba mapema. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo Oktoba 1889, na kitabu cha Meyer kikatoka Leipzig mwaka 1890, kikiwa na picha za kurasa nzima za aina mbili, kwa majina yake ya Kijerumani: Heliogravüre, yaani fotogravu yetu, na Lichtdruck.

Hapo ndipo mfasiri anapoweza kuteleza. Njia rahisi ni kuiita fotogravu "chapa ya mwanga". Lakini Lichtdruck, neno kwa neno, ndiyo chapa ya mwanga, nayo ni kazi nyingine: wino hupakwa juu ya jelatini iliyotandazwa kwenye kioo, hakuna shaba wala kinachochimbwa. Tutakuwa tumeipa moja jina la jirani yake, tena ndani ya kitabu kimoja. Ni kama matanuru: wafua chuma wa Ufipa walikuwa na malungu, matanuru marefu ya kuyeyushia mawe ya chuma, na vintengwe, matanuru madogo ya kusafishia kilichotoka humo. Ukiyaita yote "tanuru" hujasema uongo, ila fundi hatajua umtume wapi.

Kwa hiyo napendekeza tuseme fotogravu hii, fotogravu hizi, na tunapoeleza tuseme nakshi ya mwanga. Nakshi ni neno letu la kazi ya kuchimba uso wa kitu. Mafundi wa milango ya Unguja na Lamu hulitumia kila siku. Lichtdruck nayo iwe chapa ya jelatini.

Majina hayo yana kazi mtu akishika lenzi. Picha ya kawaida ya kitabuni huonyesha nukta zilizojipanga safu kwa safu. Chapa ya jelatini huonyesha mikunjo midogo kama ya ngozi. Fotogravu huonyesha chembe zisizo na mpango, na weusi wake ni mzito. Alama ya bamba, ule mbonyeo unaoizunguka picha, ni dalili nzuri lakini haitoshi, kwani huweza kubonyezwa kwa bamba tupu. Anayependa milima atafute pia fotogravu za Ruwenzori, zilizotokana na picha za Vittorio Sella za mwaka 1906 na kuchapwa katika kitabu cha 1908.

Ufipa, tangu Novemba hadi Aprili, mvua huleta unyevu na ukungu, na mchwa hawangoji msimu. Usiitundike fotogravu kwenye ukuta wa nje wala kuilaza kwenye boksi la kawaida. Asidi ya boksi huigeuza karatasi kahawia. Nyuma, pembeni, andika kwa penseli laini: fotogravu, mahali, mpiga picha, mwaka wa picha na mwaka wa chapa. Miaka hiyo miwili usiichanganye, maana bamba la shaba huweza kuchapwa tena miaka mingi baada ya aliyepiga picha kufariki.